Krenki Nyepesi Kuliko Sampuli

Siku mliyoniaga mlinipa keki na saa ya ukutani. Saa ni nzuri, ingawa sijui ni nani kati yenu aliyeona kwamba mtu anayestaafu ndiye anayehitaji kujua saa. Kabla keki haijakatwa, mmoja wenu aliuliza mbele ya wote, "Fundi Naliaka, kabla hujaenda, tuambie krenki gani ya baiskeli ya mauntini ni ngumu na bado ni nyepesi?" Nilicheka tu, nikawaambia mle keki. Lile halikuwa swali la kujibiwa mtu akiwa amesimama na sahani mkononi. Sasa nimekaa kwangu Landless, hapa Thika, sina baiskeli ya mtu inayoningoja, nitajibu.

Kwa msomaji asiye mtu wa benchi, krenki ni ule mkono unaoshika pedeli na kuizungusha cheni. Kila baiskeli ina miwili, kulia na kushoto. Mtu akisimama juu ya pedeli apande mlima, au akiruka shimo wakati wa kushuka, mwili wake wote unakaa juu ya mikono hiyo. Fremu ikipinda utaiona. Breki ikichoka utaisikia. Krenki ikikatika unajua ukiwa umeshalala chini. Ndiyo maana sikuwahi kuiamini hata moja kwa kuiangalia tu, na ile niliyoambiwa ni nyepesi sana niliishuku kuliko zote.

Nilifika Thika kutoka Bungoma nikiwa msichana, nimeahidiwa kazi ya kiwandani na mtu ambaye nilipofika hakuna aliyemjua. Nikawa nangoja langoni na wengine kila asubuhi. Siku moja mfanyakazi alikuja akisukuma baiskeli, cheni imeruka na kubana kwenye fremu. Kwetu Bungoma baiskeli ni kama miguu ya pili, kwa hivyo niliinama nikaitoa. Ng'ambo ya barabara alikuwa ameketi Fundi Gathogo, mwanamume mfupi mwenye kofia ya sufu, benchi lake likiwa limefunikwa na mabati mawili. Akaniita. Nilidhani ananipa kazi. Kumbe alitaka kujua ni nani amenituma.

"Hakuna," nikasema.

"Kuna mtu kila wakati," akasema. "Msichana hashiki cheni chafu bure."

Alinichukua hata hivyo, lakini wiki za kwanza alikuwa akihesabu spana zake kila nilipoinuka kwenda msalani. Sikukasirika. Alizihesabu pia siku aliyotembelewa na mchungaji wake.

Siku hizo kazi yetu ilikuwa baiskeli nyeusi za chuma, za watu wa maziwa na watu wa mikate. Krenki zake zilikuwa za chuma kizito, zimebanwa kwenye ekseli kwa pini moja inayogongwa kwa nyundo. Gathogo alinikataza kugonga kitu chochote kabla sijakisafisha. "Nariaka," alikuwa akiniita hivyo, na sikumrekebisha kamwe, "chuma kichafu kinadanganya. Kioshe kwanza, ndio ukiulize." Alinionyesha jinsi ya kupaka mafuta ya taa kwenye krenki, kuipangusa ikauke kabisa, halafu kuisugua chaki nyeupe na kungoja. Kama kuna ufa, hata ule usioonekana, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka polepole na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Mara ya kwanza kuuona mstari ule ukijitokeza wenyewe, niliipangusa nikarudia tangu mwanzo. Ilikuwa baiskeli ya mtu aliyekuwa akiteremka nayo kila siku na makreti ya mikate.

Kuna mwingine aliyekuja akilalamika kwamba krenki yake ya kushoto inalegea. Mafundi wengine walikuwa wameikaza, kila mmoja kwa nguvu kuliko mwenzake, na kila mmoja alimwambia kwamba yule wa kabla yake hakujua kazi. Nilipoivua nikakuta tundu la pini limeshalika likapanuka, na ndani mtu amejaza kipande cha mkebe wa soda. Hicho ndicho kilikuwa kikiishika, mkebe wa soda. Tangu siku hiyo, nati inayolegea mara kwa mara huwa siikazi. Huwa naivua nione inaficha nini.

Kisha baiskeli za milimani zikaanza kuingia, nyingi zikiwa za mitumba, na krenki zikawa za alumini. Watu walizipenda kwa sababu ni nyepesi na hazishiki kutu. Sisi tulichelewa kuzipenda. Chuma cha zamani kikichoka hupinda, kinakuonya. Alumini hukaa kimya, inameremeta, halafu inakatika. Kijana mmoja alikuja na nusu ya krenki mfukoni na nyuzi za hospitali kwenye muundi wake. Aliuliza kama tunaweza kuichomelea. Gathogo aliishika, akaiangalia pale ilipokatika, akanionyesha. Sehemu ya mpasuko ilikuwa nyeusi, sehemu ilikuwa nyeupe na safi. "Hapa peusi pamekatika zamani," akasema. "Amekuwa akipanda juu ya ufa miezi mingi, na hakuna aliyemwambia." Tulikataa kuichomelea, akaondoka akitutukana. Nafikiri alipata mtu wa kuchomelea.

Macho ya Gathogo yalipoanza kufifia alifunga benchi, lakini kabla ya kufunga alinipeleka mwenyewe Ruiru, kwa Madam Nyokabi, aliyekuwa amefungua karakana pale Kimbo. Wengi wenu mlimkuta. Alikuwa akikodisha baiskeli za milimani kwa watu wanaotaka kupita kwenye mashamba ya kahawa mpaka maporomoko ya Chania, na pia alikuwa na klabu ndogo ya mbio. Gathogo alimwambia, "Huyu haamini kitu. Atakuudhi sana." Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya kuomba kazi.

Sasa nafika kwenye swali lenu.

Watu waliokodi walikuwa wakilalamika kwamba baiskeli zetu ni nzito. Kwenye klabu, aliyelalamika zaidi alikuwa Achieng, msichana wa kiwanda cha nguo hapo Ruiru aliyekuwa akijiandaa kwa mbio za milimani. Achieng ana miguu ya kuvunja vitu. Alikuwa ameshavunja pedeli, cheni na kiti. Alitaka krenki nyepesi ambazo hawezi kuvunja, na Madam akaamua tubadilishe krenki za baiskeli zote kwa pamoja, za kukodisha na za klabu.

Aliyekuja kutuuzia alikuwa Ndung'u, kitinda mimba wa Fundi Gathogo. Mtoto huyo nilimbeba mgongoni nikiwa nafanya kazi kwenye benchi la baba yake. Sasa alikuwa kijana wa viatu vyeupe, anauza vipuri, na alikuwa ameuza pikipiki yake ili aanze. Alikuja na sampuli za aina tatu akazipanga mezani kama mtu anayeuza mapambo.

Ya kwanza ilikuwa ya kaboni, nyepesi mpaka unaishika unadhani umesahau kushika. Niliiweka kando. Kaboni nzuri ina nguvu, sikatai, lakini baiskeli ya kukodisha inaangushwa kwenye mawe na watu wasiojua hata kuiegemeza, na jiwe moja kali likiichuna huwezi kujua ndani imeumia kiasi gani. Ya pili ilikuwa ya alumini iliyochongwa kwa mashine, ina madirisha na kona kali, nzuri kabisa kuangalia. Niliiweka kando pia. Ufa hupenda kona kali. Kila dirisha lilikuwa na kona nne za kuanzia.

Ya tatu haikuwa na urembo. Alumini iliyofinyangwa kwa kugandamizwa, si ya kumiminwa kwenye kalibu, kona zote zimeviringwa, nyama imeachwa nene pale pedeli inapoingia na pale inaposhika ekseli, imepunguzwa katikati tu ambako haiumii. Ekseli yake ya chuma. Beringi zake ni za kawaida, unazipata Thika mchana wowote bila kuagiza Nairobi. Gia ya mbele inafunguliwa na kubadilishwa peke yake ikiisha meno. Niliitundika kwa kamba nikaigonga kwa spana. Ililia kama kengele, mlio mrefu.

"Hii," nikasema.

"Anti, hata mimi nilijua utachukua hiyo," Ndung'u akasema, na akacheka kama alivyokuwa akicheka akiwa mdogo.

Tulifunga jozi hiyo ya sampuli kwenye baiskeli ya Achieng. Aliitesa wiki kadhaa milimani, na kila jioni niliiosha, nikaipaka mafuta ya taa na chaki. Hakuna mstari. Madam akaagiza za baiskeli zote.

Mzigo ulipofika, ukiwa kwenye maboksi safi yenye rangi ileile, nilishika krenki moja nikaiweka chini, nikaishika tena. Mkono wangu ulikuwa umeshaizoea ile ya Achieng. Hii ilikuwa nyepesi zaidi. Nikavua ile ya Achieng, nikazifunga zote mbili kwenye gazeti, nikaenda nazo bucha ya jirani.

"Fundi, hii ni nyama gani?" mwenye bucha akauliza.

"Ya mfupa. Pima moja moja."

Mzani ukasema kile mkono ulichosema. Niliporudi na habari hiyo, Madam Nyokabi alifurahi.

"Nyepesi zaidi? Si ndicho tulikuwa tunataka?"

"Tulitaka nyepesi kama sampuli, Madam. Umbo ni lilelile, unene wa nje ni uleule. Hiyo nyama iliyopungua imetolewa wapi?"

"Labda wameboresha."

"Anayeboresha kitu hukitangaza. Hawa wamenyamaza."

Nilijaribu mafuta ya taa na chaki, hazikuonyesha chochote. Krenki mpya haina ufa bado, ina nia tu. Nikazitundika kwa kamba, ile ya Achieng na hii mpya, nikazigonga. Moja ililia. Nyingine ilisema tu "tap," kama umegonga meza. Nikakwangua rangi kidogo karibu na tundu la pedeli, nikaona mstari mwembamba umepigwa tupa ili usionekane. Mshono wa kalibu. Kitu kilichofinyangwa hakina sababu ya kuficha mshono wa namna hiyo.

Madam akampigia Ndung'u simu, akaja mchana huohuo. Nataka mjue nilivyokuwa nikiwaza nikimwona anaingia. Nilikuwa nikiangalia viatu vyake. Nilikuwa nikijiuliza kama ameuza zile nzuri mahali pengine akatuletea hizi. Niliangalia uso wake kama ninavyoangalia krenki, nikitafuta mahali palipopakwa rangi juu.

"Anti, hilo ni toleo jipya," akasema.

"Nani amekwambia?"

"Mtu wa Nairobi anayeniuzia."

"Huyo mtu ana jina?"

Akasita. "Tunamwita Bosi."

"Bosi," nikasema. "Basi niruhusu nikate moja tuone ndani."

Hapo wote wawili walikataa. Madam alisema kitu kilichokatwa hakirudishwi dukani, na kama nimekosea atakuwa amepoteza jozi nzima. Ndung'u alisema vilevile, kwa haraka zaidi, na haraka hiyo niliitia akilini. Achieng, aliyekuwa amekuja kuchukua baiskeli yake, alisimama mlangoni akisikiliza.

"Fundi, mimi nitaziendesha wikendi," akasema. "Zikiwa mbaya tutajua."

"Tutajua wewe ukiwa wodini," nikamwambia.

Nikachukua baiskeli moja ya kukodisha, nikaifunga krenki mpya hapo mbele yao, grisi kwenye ekseli, nati nikazikaza kidogo kidogo upande huu na ule mpaka zikashika vizuri, ili mtu asije kusema ilikatika kwa ufundi mbaya. Nikaitoa nje. Mnalijua lile teremko nyuma ya karakana, linashuka kwenye changarawe halafu linapanda ghafla upande wa pili. Nikampa Ndung'u usukani.

"Panda wewe mwenyewe. Shuka kwa nguvu, halafu upande ukiwa umesimama kwenye pedeli."

Nilikuwa nangoja aseme ana kazi mahali. Nilikuwa nangoja aangalie viatu vyake, au simu ilie. Mtu anayejua alichouza hapandi. Ndung'u alivua koti akampa Achieng, akapandisha mguu, hakuulizia hata kofia ngumu. Alisukuma pedeli mara ya kwanza, akasimama juu yake kwa uzito wote, akinionyesha. Nikasikia krenki ikilia, sauti ndogo kavu kama kijiti. Nilishika kiti kwa mikono yote miwili nikavuta. Tulianguka wote, mimi, yeye na baiskeli, pale pale mlangoni.

"Anti! Si umesema nipande?"

"Nilitaka kuona kama utapanda."

Alikaa kwenye changarawe akiniangalia. Iliingia akilini mwake taratibu, nikaona inavyoingia. Hakuwa amegundua mpaka wakati huo kwamba aliyekuwa akipimwa hapo si krenki peke yake.

"Ulidhani nimewaletea nikijua," akasema.

Alisimama, akajipangusa suruali, akaingia ndani bila kumwangalia mtu. Akaifunga krenki moja mpya kwenye vaisi, akachukua msumeno wa chuma. Madam akasogea kumpisha. Ndung'u alikata mwenyewe, taratibu, jinsi baba yake alivyokata, bila kuusukuma msumeno kwa hasira. Nusu ilipoanguka hakuna aliyehitaji kuelezwa. Ndani ilikuwa na uwazi, kuta nyembamba kama za bomba, na hiyo nyama kidogo iliyokuwepo ilikuwa na vishimo vya hewa kama mandazi. Ile iliyokuwa kwenye baiskeli tuliivua pia. Kwenye tundu la pedeli ilikuwa imeshaanza kufunguka.

Achieng aliigusa kwa kidole. "Ngai," akasema, akimwita Mungu kwa Kikuyu ingawa si Mkikuyu. "Ningekuwa nimezipanda Jumamosi."

Ndung'u alirudisha maboksi yote kwenye gunia, akalibeba mabegani akaenda. Alimwambia Madam atamrudishia. Mimi hakuniambia kitu.

Jumapili, baada ya kanisa, Fundi Gathogo alinipigia simu. Hakusalimu.

"Nariaka, nilikufundisha kushuku chuma. Mtoto wangu si chuma."

"Ndiyo, Fundi."

"Ulimpandisha kitu unachojua kitavunjika."

"Nilimshika, Fundi. Kabla hajaondoka mlangoni."

"Ulimshika," akasema, "baada ya kupata jibu lako." Akakata. Kama ningemwamini tu kwa sababu nilimbeba mgongoni, Achieng angepanda. Na bado kijana alikuwa amekaa kwenye changarawe na ule uso. Mambo hayo mawili niliyabeba pamoja, na hakuna lililolipunguza jingine.

Krenki tulizipata baadaye kwa muuzaji mwingine, kazi ileile iliyofinyangwa, nzito kidogo kuliko sampuli ya Ndung'u lakini nyepesi kuliko zetu za zamani. Safari hii Madam mwenyewe ndiye aliyesema, "Kata moja." Nikakata. Ndani ilikuwa ngumu na safi, haina tundu hata la sindano. Nikafunga zote, na baada ya safari ya kwanza ya kila baiskeli nikazikaza tena, kwa sababu krenki mpya hukaa mahali pake baada ya kupandwa, si kabla. Hilo vijana mnalisahau. Mnakaza mara moja mnaenda kunywa chai.

Achieng alikimbia mbio zake. Hakushinda, aliingia wa nne, matope mpaka kwenye nyusi. Nilimuuliza krenki zilikuwaje. Akafikiri. "Sikuzisikia, Fundi," akasema. Kwa kitu kinachokaa chini ya mguu, sijawahi kusikia sifa kubwa kuliko hiyo.

Lakini mimi nilikuwa na gunia lile akilini. Ndung'u alikuwa ameuza pikipiki yake, amemrudishia Madam pesa zake kwa shida, na gunia zima la krenki zinazong'aa lilikuwa kwake. Ni nani asingejaribu kuziuza kwa mtu asiyejua? Nikaanza kutembea nikiangalia miguu ya watu. Stejini Kimbo, sokoni Thika, hata nikienda kumzika jirani niliangalia baiskeli zilizoegemezwa kwenye ua. Wakati huo nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu.

Kisha akaja mteja kutoka Juja, mwalimu, akisema baiskeli yake inalia kila akipanda mlima. Nilipoinama, nikaziona krenki. Rangi ileile, umbo lilelile. Nikaigonga. "Tap."

"Ulinunua wapi?"

"Dukani, Juja. Waliniambia ni toleo jipya."

Nilimfungia krenki zetu za zamani, nzito lakini za kweli, nikamwambia hizi zake nitakaa nazo. Asubuhi iliyofuata nilizitia kwenye mfuko nikaenda Thika. Nyumbani kwao niliambiwa Ndung'u yuko Makongeni, kwa mtu wa vyuma vikuukuu. Nikasema moyoni, basi, huko ndiko anauzia.

Nilisikia grainda kabla sijawaona. Ndung'u alikuwa ameinama juu ya vaisi, amevaa miwani ya kazi, cheche zinaruka. Pembeni yake baba yake alikuwa ameketi kwenye ubao, kofia ya sufu kichwani. Kila Ndung'u alipokata krenki alimpa baba yake vipande viwili. Mzee haoni vizuri tena, kwa hivyo alivipapasa kwa vidole, ahakikishe vimeachana kabisa, halafu akavitupa kwenye lundo. Lundo lilikuwa kubwa. Gunia lilikuwa limelala chini, limelegea.

Ndung'u aliniona, akazima grainda.

"Anti. Umekuja kuangalia."

"Nimekuja kuangalia."

"Basi angalia."

Gathogo aligeuza uso upande wa sauti yangu.

"Kuna mtu wa Gatundu alitaka gunia zima," Ndung'u akasema. "Hakuuliza hata ni za nini. Nilikaa nalo siku nyingi nikifikiria. Achieng tulimzuia kwa sababu alikuwa hapo mlangoni. Huyo mwingine atakayezipanda ningemjulia wapi?"

Nikatoa zile za mwalimu kwenye mfuko nikampa. Alizigeuza, akazigonga kwa ukucha, uso wake ukabadilika. Alielewa ni kwa nini nimekuja, na kwamba nimekuja nazo zimefichwa.

"Si zangu," akasema. "Bosi hakuniuzia mimi peke yangu."

Inawezekana alikuwa akisema uongo. Gunia lingeweza kupungua kabla sijafika. Mtu wa kushuku hapati ushahidi wa kumtosha, hilo nalijua kuliko ninavyojua spana. Lakini Ndung'u hakungoja niamue.

"Duka gani Juja?" akauliza.

Nikamwambia. Akaokota nusu moja kwenye lundo, iliyo wazi ndani, akaipangusa kwa shati akaitia mfukoni. Akavua miwani, akachukua koti lake msumarini.

"Watakufukuza," nikamwambia. "Watasema unawaharibia biashara."

"Wanifukuze wakiwa wameona ndani."

Akaenda. Nilikuja kusikia kwamba duka la Juja lilimfukuza kweli, na kwamba la pili, la Ruiru, lilimsikiliza likatoa zake zote kwenye rafu. Alizunguka hivyo wiki kadhaa na nusu ile ya krenki mfukoni, kijana ambaye kazi yake ni kuuza, akiwaambia watu wasiuze.

Siku ile Makongeni tulibaki mimi na baba yake. Mwenye vyuma alikuwa akipima mabati ya mtu. Gathogo alipapasa kipande kilichokuwa mapajani mwake, akakitupa kwenye lundo.

"Unamwamini sasa?" akauliza.

"Krenki atakazoleta nitaendelea kuzikata, Fundi."

"Sijauliza krenki."

Grainda ilikuwa bado ya moto. Nilisogea upande wake ili nisilazimike kusema kwa sauti.

"Yeye namwamini," nikasema.

Alijivuta pembeni kidogo, akaachia nafasi kwenye ule ubao, nikaketi. Akaingiza mkono kwenye gunia, akanipa krenki iliyofuata niikate.